Kuku wa mayai wamechanjwa kideri kwa ratiba, bado wanakufa. Chanjo zinazouzwa Mwanza ni nzima kweli?

#1 Mwana_Buhongwa
Habari wakuu. Nina banda la kuku wa mayai 600 hapa Buhongwa, wana wiki 34. Wiki iliyopita utagaji ulianza kushuka, sasa tumebaki na karibu nusu ya trei za kawaida. Mayai mengine ganda ni laini, ukilibonyeza linabonyea, mengine yamepauka wakati kuku wenyewe ni wa mayai ya kahawia. Halafu vifo vikaanza. Leo watatu, kesho watano, havipungui. Wanazubaa, vishungi vimepauka, kinyesi ni cha kijani chenye umanjano. Mmoja nilimkuta shingo imepinda anazunguka mahali pamoja.

Chanjo nimefuata zote: kideri (kirusi cha Newcastle) siku ya 7, Gumboro (kirusi kinachoharibu kinga ya kuku) siku ya 14, kideri tena ya 21, Gumboro tena ya 28, ndui wiki ya saba, na kideri narudia kila miezi mitatu. Ya mwisho haina miezi miwili. Kwa hali hii naamini chanjo tunazouziwa hapa mjini zimeshakufa kabla hazijatufikia. Nani mwingine yamemkuta?

#2 Igoma_Kwetu
Pole sana mkuu. Naunga mkono hoja. Mwaka jana nilienda kununua kichupa, muuzaji akakitoa kwenye friji mbele ya macho yangu, lakini friji lenyewe halikuwa na ubaridi. Soda zilizokuwa humo humo zilikuwa za vuguvugu, umeme ulikatika usiku kucha. Chanjo hai inataka nyuzi 2 hadi 8. Akanifungia kwenye mfuko wa nailoni na kipande cha barafu kidogo tu, nikamrudishia hapo hapo. Sasa jiulize wangapi walikuja baada yangu wakakichukua.

#3 Tabibu wa Mabanda
Pole ndugu. Kabla hatujaihukumu chanjo, naomba majibu haya:
Ulichanja kwa maji au kwa matone ya jicho? Kama ni maji, ni ya wapi? Chakula umebadilisha karibuni? Kuna kuku wapya wameingia kwako au kwa jirani? Na umeshawapa dawa gani?
Wakati unajibu, usiuze kuku hata mmoja, usitoe gunia la mbolea, na anayewahudumia wagonjwa asipite kwenye banda lingine. Waliokufa chimbia shimo refu, mwagia chokaa, fukia.

#4 Ng'wana Shija
Mwangaluka wote. Mkuu, hiyo ni homa ya matumbo ya kuku, ile ya bakteria wa Salmonella, usihangaike na kideri. Kideri kikiingia kwenye banda ambalo chanjo imekufa hakikuachii watatu leo watano kesho, kinafagia. Vifo vya kudondoka kidogo kidogo kwa kuku wakubwa, kishungi kikapauka, kinyesi cha kijani na manjano, hapo unatazama homa ya matumbo. Na hawa kuku wa kahawia wa mayai wanaipata kirahisi kuliko weupe. Kwangu Kisesa walikuwa hivyo hivyo. Nilipompasua mmoja, ini lilikuwa limevimba limejaa kifua, rangi yake ya shaba iliyosuguliwa, ukiligeuza kwenye mwanga linang'aa ukijani. Ini la kuku mwenye afya ni jekundu lililokoza na kingo zake ni nyembamba. Lile kingo zake zilikuwa butu, na ukiligusa linameguka.

#5 PumbaNaMashudu
Mnakimbilia magonjwa, chakula hamkigusi. Ganda laini maana yake ya kwanza ni chokaa haitoshi au haifyonzwi. Mkuu @Mwana_Buhongwa, unachanganya mwenyewe? Dagaa unanunua wapi? Dagaa wanaoanikwa mchangani unaununua mchanga kwa bei ya dagaa, na ule mchanga umekanyagwa na mbuzi, mbwa na kunguru. Bakteria wa Salmonella wanaweza kuwa wamo humo. Na wakiwa ni dagaa wa chumvi ndiyo kabisa: kuku wanakunywa maji kupita kiasi, wanaharisha, maranda yanalowa. Mimi nanunua waliokaushwa juu ya vichanja, hata kama ni ghali.

#6 Mama Trei Kirumba
Poleni. Mimi si mfugaji, ni mnunuzi, nazunguka mabanda kukusanya mayai. Mayai yaliyopauka na laini nimeyaona mwezi huu kwenye mabanda kadhaa ya upande wa Nyegezi na Mkolani, si kwa huyu kaka peke yake. Waliokuwa wanachanja na wasiokuwa wanachanja, wote.

#7 Tabibu wa Mabanda
@Mama Trei Kirumba, asante kwa taarifa, ila naomba nikuulize bila kukukosea heshima. Trei unazoingia nazo ni za karatasi au za plastiki? Na ukitoka banda moja kwenda jingine unaoshaje viatu?

#8 Mama Trei Kirumba
Za karatasi, kama wote. Viatu ni hivi hivi. Lakini mwanangu, wenye mabanda wenyewe ndio wanaotukaribisha mpaka ndani tuokote nao. Hakuna aliyewahi kuniambia nisimame getini.

#9 Mkerewe_wa_Nansio
Trei tu? Mmesahau ndege. Sisi tunaokaa na ziwa tunaona. Korongo wanashinda kwenye majalala na mialoni wanakula mizoga ya kuku iliyotupwa, jioni wanatua kwenye mapaa ya watu. Bata mwitu na shakwe wanazunguka ziwa zima hawana pasipoti. Januari 2017 Uganda walithibitisha mafua ya ndege, aina ya H5N8, huko huko ufukweni mwa Ziwa Victoria, Entebbe na Masaka. Ndege wa porini walikufa, na bata na kuku wa kufugwa wakafa. Ziwa ni hili hili letu.

#10 Igoma_Kwetu
Mkerewe kila kitu kwenu kinatoka majini 😂 Mafua ya ndege yangeingia Buhongwa hata uzi huu usingeanzishwa, banda lingekuwa tupu ndani ya siku chache.

#11 Mkerewe_wa_Nansio
Cheka tu. Na kile chakula cha kuku wako cha Igoma kinatoka wapi kama si majini? Rudisha dagaa wetu basi.

#12 Tabibu wa Mabanda
Ya Uganda 2017 ni kweli kama alivyosema. Na ndege wa porini wanaweza kubeba kideri pia, kwa hiyo wavu kwenye madirisha na kufukia mizoga ni lazima. Lakini katika kazi hii ninayofanya, mara nyingi ugonjwa unaingia bandani kwa miguu ya watu, magunia, trei na kuku walionunuliwa sokoni. Korongo haingii ndani ya banda lenye wavu, mnunuzi wa mbolea anaingia. Vifo vikiongezeka ghafla kwa wingi, vichwa vikavimba na kugeuka bluu, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo na usimguse kuku kwa mikono mitupu.

#13 Mwana_Buhongwa
Asanteni. Majibu ya Tabibu:
Nilichanja kwa maji. Maji ni ya bomba, nakinga asubuhi nachanganya hapo hapo.
Chakula nachanganya mwenyewe. Gunia la dagaa lililopo nilichukua soko la samaki la Mwaloni, siyo kwa mtu wangu wa siku zote. Mashudu ni ya pamba, ya alizeti yalipanda bei.
Kuku wapya sijaingiza, ila jirani wa ukuta mmoja alishusha kuku machotara kutoka mnadani, na baadhi walikufa.
Dawa: nimewapa OTC (antibayotiki), wakatulia siku mbili, vifo vikarudi.

#14 Mwalimu_Usagara
Maji ya bomba ndiyo jibu lako mkuu! Yale yametiwa klorini ili binadamu tusipate kipindupindu, na klorini haibagui. Inaua kirusi hai cha chanjo kabla kuku hajainamisha shingo. Chanjo yako ilikuwa nzima dukani, imefia kwenye ndoo. Ukitumia bomba, weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 mpaka 2.5 kwa lita, koroga, acha kama nusu saa ndipo uweke chanjo. Au tumia maji safi ya kisima au ya mvua. Vyombo viwe vya plastiki visivyooshwa kwa dawa. Wanyime maji saa moja mpaka mbili kwanza wapate kiu, kisha yote yaishe ndani ya saa mbili. Vinyweo viwe vingi, la sivyo wababe wanakunywa wote, wanyonge wanabaki bila kinga.

#15 Ng'wana Shija
Hayo ya maji sawa, lakini OTC iliwatuliza siku mbili. Kirusi cha kideri hakitulizwi na antibayotiki. Hapo ni bakteria. Narudia: homa ya matumbo.

#16 Tabibu wa Mabanda
@Ng'wana Shija, siku mbili za kutulia si ushahidi wa kutosha. Kideri kikipita kwenye kuku wenye kinga nusu hakifagii, kinapunguza mayai, kinaharibu maganda na kuua wachache, halafu bakteria wanaingia kwa mlango wa nyuma. Antibayotiki inawapunguza hao bakteria, unaona nafuu, kirusi kinaendelea. Shingo kupinda sijaielewa kama ni homa ya matumbo tupu.

#17 PumbaNaMashudu
Mashudu ya pamba! Nilijua tu. Usukumani tunayo mengi lakini yana sumu iitwayo gosipoli. Yakizidi kwenye chakula cha kuku wa mayai, kiini kinageuka rangi ya kijani iliyochakaa, hasa yai likikaa. Na kuku wanadhoofu. Vunja mayai uliyoyatunza wiki nzima utazame viini. Halafu mahindi yako yana umri gani? Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu, inakula ini na inashusha kinga. Kuku wa namna hiyo hata umchanje kwa maziwa ya unga na dua, mwili hautengenezi kinga ya kutosha.

#18 Bibi_Sengerema
Wajukuu, sisi tulikuwa tunaponda mshubiri tunaweka kwenye maji, na pilipili kichaa. Kuku walipona. Siku hizi ni dawa dawa tu.

#19 Tabibu wa Mabanda
Shikamoo bibi. Mshubiri sikatazi, wengi hapa wanautumia. Lakini kideri hakina dawa ya kukiponya, si ya mti wala ya duka. Wanaopona ni wale ambao mwili wao umekishinda. Na kuku wa kienyeji waliobaki baada ya kideri kupita kijijini wanabaki na kinga, ndiyo maana mshubiri unapata sifa.

#20 Bibi_Sengerema
Marahaba mwanangu. Haya. Lakini na nyie chanjo zenu zimewashinda, nasoma hapa juu.

#21 Kijana_wa_Magu
😂😂 Bibi kamaliza.
Mimi naomba kuuliza, kwa nini hamtumii ile chanjo ya kideri ya kutonesha jichoni, I-2, inayotengenezwa Kibaha? Ile inavumilia joto kuliko hizi nyingine, kijijini kwetu hakuna friji na inafanya kazi. Tone moja jicho moja, kila baada ya miezi mitatu au minne.

#22 Igoma_Kwetu
Kuku 600 umkamate mmoja mmoja? Kuku wa mayai ukimkimbiza kimbiza akiwa kwenye kilele cha utagaji unashusha mayai mwenyewe bila ugonjwa.

#23 Kijana_wa_Magu
Usiku kwa taa ndogo wanakamatika vizuri, wanatulia. Watu watatu, mmoja anakamata, mmoja anatonesha, mmoja anahesabu. Unajua kila kuku amepata. Kwenye maji unakisia. Ila usijipanguse jicho kwa mkono wenye chanjo, dada yangu jicho lilikuwa jekundu siku kadhaa.

#24 Tabibu wa Mabanda
Kweli, kirusi hicho kinaleta macho mekundu kwa binadamu, yanapona yenyewe. Na kuvumilia joto hakumaanishi kichupa kikae juani kwenye bodaboda. Kifunike, kiweke kivulini.

#25 Mtu_wa_Kayenze
Mbona hakuna anayetaja Gumboro? Mkuu kasema alichanja siku ya 14. Kifaranga aliyetoka kwa mama mwenye kinga kubwa, kinga ile ya mama inaimeza chanjo, inakuwa kama hukuchanja. Gumboro ikipita kimya kimya wakiwa bado wachanga inaharibu kile kifuko cha kinga karibu na mkundu, na kuku huyo kinga yake inaweza kubaki dhaifu. Mizizi ya tatizo la leo inaweza kuwa ya miezi sita au saba nyuma.

#26 Mwalimu_Usagara
Ndiyo maana hurudiwa siku ya 28, mkuu kasema alirudia.

#27 Mtu_wa_Kayenze
Alirudia kwa maji yale yale ya bomba.

#28 Mama Trei Kirumba
Kuna jambo linanikereketa. Huyu kaka amewapa OTC. Mayai ya siku hizo yamekwenda wapi? Wateja wangu ni akina mama wa vibanda vya chipsi, watoto wanakula. Msiwe mnatuuzia tu kisa mna hasara.

#29 Tabibu wa Mabanda
Mama umesema jambo zito. Kila antibayotiki ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye karatasi yake, mayai ya siku hizo hayauzwi. Ikiwa karatasi inasema isitumike kabisa kwa kuku wanaotaga, haitumiki. Na kwa Salmonella, mayai ya banda linaloumwa yasiliwe mabichi wala nusu mbichi.

#30 Mwana_Buhongwa
Mama, mayai ya siku hizo sijauza, yapo stoo, waulize vijana wangu. Nimeyapasua leo kutazama viini kama @PumbaNaMashudu alivyosema. Viini ni vya kawaida, ila ute ni majimaji kabisa, yai linatandaa kwenye sahani halishikani.
Asubuhi nimebeba wawili waliokufa alfajiri na mmoja mgonjwa aliye hai, kwenye mifuko miwili miwili na barafu, nimewapeleka TVLA, maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo, hapa hapa Mwanza. Majibu yakitoka nayaweka.

#31 Ng'wana Shija
Safi sana. Wabeja. Watu wengi wanabishana mtandaoni mpaka banda linaisha.

#32 Mwalimu_Usagara
Ute majimaji na maganda mabaya, hiyo inaweza kuwa bronkaitisi ya kuku pia, kirusi kingine kabisa. Ulichanja bronkaitisi?

#33 Mwana_Buhongwa
Sikumbuki kuiona kwenye ratiba niliyopewa na waliouza vifaranga.

#34 PumbaNaMashudu
Hapo tumeongeza jingine 🙂

#35 Mwana_Buhongwa
Mrejesho wakuu. Walipasua nikiwa nimesimama pembeni. Ini la wale wawili limevimba na lina ile rangi aliyoieleza Ng'wana Shija. Lakini tumboni, ile sehemu kabla ya firigisi, mmoja alikuwa na vidoti vyekundu vya damu, dalili ya kideri, mwenzake hakuwa navyo. Ini wameliotesha maabara kuona kuna bakteria gani, imetoka Salmonella. Damu ya kuku kumi niliyopeleka baadaye imeonyesha kinga ya kideri haiko sawa: wengine wako juu sana, wengine hawana kitu. Sampuli za kirusi zimepelekwa Dar, bado.

#36 Ng'wana Shija
Nilisema.

#37 Mwalimu_Usagara
Umesema nusu. Kinga iliyo juu na chini kwa kuku wa banda moja ndiyo hiyo ya kunywesha chanjo kwenye maji ya klorini na vinyweo vichache. Waliopata wamepata, waliokosa wamekosa.

#38 Igoma_Kwetu
Au kichupa chenyewe kilikuwa kimepoteza nguvu nusu. Friji, wakuu, friji.

#39 Tabibu wa Mabanda
Walio juu sana wananitia shaka zaidi kuliko wasio na kitu. Chanjo ya maji peke yake ni nadra kuipandisha kinga kiasi hicho. Inaweza kuwa kirusi chenyewe cha mtaani kimepita hapo, kupitia ukuta wa jirani mwenye machotara. Tusubiri Dar.
Kwa sasa ndugu yangu: dawa ya Salmonella fuata ile ambayo maabara imeonyesha inaua, si ile ya duka inayojulikana. Watakaopona wengine watabaki wabebaji, kwa hiyo usitotoleshe mayai yao na usiwachanganye na kundi jipya. Panya waue, wanaihamisha. Banda likiisha, toa maranda yote, osha kwa sabuni kwanza ndipo upulize dawa, maana dawa juu ya kinyesi haifanyi kitu. Acha banda tupu wiki mbili au zaidi kabla ya vifaranga wapya.

#40 Mtu_wa_Kayenze
Na ratiba ya vifaranga wapya ibadilishwe. Gumboro muulize aliyetotolesha mama zao wamechanjwaje.

#41 Mkerewe_wa_Nansio
Na wavu.

#42 Mwana_Buhongwa
Nimepokea yote. Jirani nimeongea naye, tunapanga kuchanja siku moja, mimi na yeye na wa nyuma yetu, kwa matone. Kijana wa Magu kama uko tayari kuja na vijana wako kutuonyesha ile ya usiku, nauli na chakula vipo.

#43 Kijana_wa_Magu
Tupo mkuu. Njoo inboksi.

#44 Mama Trei Kirumba
Na mimi nimeweka trei za plastiki kwa wateja wangu watatu, kila mmoja na zake zenye rangi yake, naziosha kwa sabuni na kuzianika juani. Nasimama getini. Anayejua trei za plastiki zinauzwa kwa jumla wapi hapa mjini aniambie, niliponunua rejareja wamenipiga bei.

#45 Igoma_Kwetu
Mama, jaribu maduka ya vifaa vya kuku karibu na stendi ya Igoma. Bei ya jumla inaanzia trei mia, tukichanga wanne watano tunaipata.